Kushoto kwa Nani

Jumatatu, 3 Machi

Muhula umefunguliwa leo, na mvua nayo. Naanza daftari hili kwa hasira, sifichi. Nimeambiwa niandike muhtasari wa vikao, na muhtasari una adabu zake. Yatakayokosa nafasi kule nitayaweka hapa, maana yakinibaki kifuani yatanizalia ugonjwa.

Mkuu wa chuo ametuita wanne ofisini kwake. Msanifu, anayefundisha michoro ya majengo. Mhandisi, mama mmoja mkimya wa mitambo ambaye akikuangalia unahisi kama anakutafuta skrubu iliyolegea. Yule wa matangazo na mabango, ambaye chuo kizima kinamwita Nembo. Na mimi wa ushonaji. Akasema mwakani kozi zetu zitaunganishwa ziwe idara moja ya dizaini. Wizara imekubali, ila inataka ielezwe dizaini ni nini, kwa sentensi moja, kabla muhula haujaisha. Kozi itakayoenea ndani ya sentensi hiyo wanafunzi wake watapata stashahada. Itakayobaki nje itaitwa kazi za mikono: cheti cha mahudhurio, na kwaheri ya kuonana.

"Sentensi moja ni shughuli ya nusu saa," akasema Msanifu.

Mkuu akatutazama mmoja mmoja, jicho likatua kwangu. "Mama Mkasi, wewe una mwandiko mzuri. Utakuwa katibu."

Miaka kumi na tisa nafundisha watu kukata nguo katika chuo hiki. Leo ndiyo wamegundua nina mwandiko mzuri.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Karakana yetu inavuja pale pale inapovuja kila mwaka, juu ya cherehani ya tatu. Tumeisogeza.

Jumatatu, 10 Machi

Kikao cha kwanza. Nusu saa ya Msanifu imekuwa saa tatu, na hatujafika hata kwenye sentensi. Tumekwama kwenye neno.

Msanifu anataka "usanifu". Nembo anataka "ubunifu", kwa sababu usanifu, anasema, tayari umepangishwa na watu wa majengo na hawataki kuhama. Msanifu akajibu kwamba kubuni ni kuzua, hata mwongo anabuni. Nembo akasema hata lugha ni sanifu, je, nayo ina madirisha? Mhandisi akasema kwao wanasema kuunda, wanamaliza, wanakwenda kula. Mwishowe Mkuu akaamua tubaki na "dizaini", maana ndilo kila mtu analitamka hata kinyozi, na ndilo ambalo hakuna kati yetu anayeweza kudai ni la babake.

Mimi sikuulizwa. Ningeulizwa ningewaambia kwamba bibi yetu alikuwa na maana yake ya kusanifu: kumsifu mtu usoni huku unamcheka. "Usinisanifu, mtoto wewe." Nikikumbuka ule mwandiko mzuri, naona bibi hakukosea.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemshonea dada blauzi.

Huyu ni dada yangu mkubwa, aliyenilea tangu mama yetu alipotutoka. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza miaka thelathini. Mwaka jana alipata kiharusi, mkono wa kulia ukafa, nikamleta kwangu. Mguu umerudi, ulimi haukwenda popote. Kinachomtesa ni kuvalishwa. Kila asubuhi anasimama mbele yangu kama mtoto anayepelekwa shule, na kila asubuhi tunagombana kuhusu jambo jingine kabisa, chai au dirisha, kwa sababu jambo lenyewe halitamkiki.

Basi nikakata blauzi pana, vifungo vikubwa juu ya bega la kushoto, upande wa mkono mzima, vitundu vimelegea. Nikajivunia. Akaishika, akaigeuza.

"Umenishonea shuka lenye mikono."

"Dada, nimepima vizuri."

"Umepima kifua. Mimi tatizo langu si kifua."

Imeniuma. Nimeikunja nikaiweka kabatini.

Jumatatu, 17 Machi

Kikao cha pili. Kila mtu alete sentensi yake.

Msanifu: dizaini ni kupanga nafasi kabla ya kujenga. Nembo: ni kumfanya mtu aelewe bila kuuliza. Mhandisi: "Ni kuamua nini kivunjike kwanza." Tukamwangalia. Akaeleza kwamba kila kitu kitavunjika, kwa hiyo anayeunda kwa akili anachagua fyuzi iungue ili mota isiungue. Nembo akasema hiyo sentensi itawatia wizara hofu.

Kisha Msanifu, kwa upole wote: "Na nyie wenzetu, Mama Mkasi, nyie mnafuata mitindo iliyopo, sivyo?"

Nyie. Kama vile tunaishi ng'ambo ya mto. Nikamwambia kwamba hakuna mabega mawili duniani yanayolingana, hata ya mtu mmoja, na kwamba yeye mwenyewe bega lake la kushoto limeshuka, koti lake linalilia, na fundi aliyelishona ama hakuona ama hakuthubutu kusema. Akacheka. Nembo akacheka. Kwenye muhtasari nimeandika: "Mjumbe wa ushonaji alitoa mchango."

Jumamosi, 22 Machi

Mvua kutwa. Nimetoa ile blauzi kabatini, nikamwomba dada ajaribu kuivaa mwenyewe, mimi nikae nitazame tu. Alikataa, akakubali, akakataa, akakubali.

Sikuwahi kumtazama. Miezi minane namvalisha na sikuwahi kumtazama. Anaanza na mkono uliokufa, anaubeba na ule mzima kama anabeba kitoto kilicholala, anauingiza. Kisha kichwa. Kisha mkono mzima unabaki hauna wa kuusaidia, unahangaika kutafuta tundu lake. Vifungo hakuvifikia kabisa.

"Ona," akasema, "mkono huu unafika hapa, na hapa, na hapa." Akagusa kifua, shingo, bega lake la kulia hadi kiwikoni. "Bega la upande wake wenyewe haulifikii. Nani anaweza kujishika bega la kushoto kwa mkono wa kushoto akafunga kitu? Jaribu wewe."

Nikajaribu. Kweli.

"Sasa kwa nini mnaweka mlango wa nguo mahali ambapo mwenye nyumba hafiki?"

Nimebaki na swali hilo hadi sasa hivi, chakula kimepoa.

Jumanne, 1 Aprili

Blauzi ya nne. Upande wa kulia, upande wa mkono uliokufa, nimeupasua wote: kutoka shingoni, juu ya bega, kushuka mkononi hadi kiwikoni. Hakuna vifungo, ni utepe wa kunata, ule wa viatu vya watoto. Anavaa upande wa kushoto kama fulana, halafu anaulaza mkono uliokufa mahali pake, anaufunika, anapita juu yake na mkono mzima: shwaa, imefunga.

Dakika mbili. Akaenda kujitazama kwenye kioo cha ukumbini, akarudi, akasema rangi ni ya kizee.

Jumatano, 9 Aprili

Nimeipeleka kikaoni. Nikaiweka mezani katikati ya makaratasi yao, nikaeleza. Nembo aliishikashika, akasema ni kitu kizuri. Mhandisi akaufungua utepe na kuufunga mara nne, tano, akisikiliza.

"Mchoro uko wapi?" akauliza Msanifu.

Nikamwambia hakuna. Mimi nachora kwa chaki juu ya kitambaa, nikishakata chaki inapanguswa.

"Basi hii si dizaini, mama. Ni marekebisho. Marekebisho mazuri sana."

Kila mtu anayenidharau chuoni hapa huniita mama kwanza.

Akapendekeza tuandike kwamba dizaini huanza na mchoro. Nembo akaunga mkono, kwa sababu ana mabango elfu. Nikamgeukia Mhandisi, mwanamke mwenzangu, nikijua huyu hataniangusha. Akasema, "Bila mchoro, ukifa kesho, nani atairudia?" Akainua mkono upande wao.

Watatu kwa mmoja. Na aliyeandika matokeo ni mimi, kwa mwandiko wangu mzuri.

Mkuu akaomba blauzi ibaki pale ofisini kama sampuli. Nikaiacha. Sikuwa na nguvu ya kubishana juu ya kitambaa, dada nitamshonea nyingine kama hiyo.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimewaambia wanafunzi kuhusu stashahada. Ishirini na wawili. Mmoja, mama wa watoto wawili anayepanda mabasi mawili kuja hapa, ameuliza cheti cha mahudhurio kinamhakikishia mtu nini. Nikasema kinahakikisha kwamba ulihudhuria. Hakuna aliyecheka.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Kikao kimeahirishwa. Msanifu alikwama barabarani.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimefika chuoni saa mbili, nikakuta watu wamejaa kwenye ubao wa matangazo. Nikapenya. Ni blauzi ya dada yangu. Imechorwa kwenye karatasi kubwa, mistari mizuri kama nywele, vipimo kila kona, kivuli kidogo chini ya kwapa. Na pembeni, ndani ya kisanduku: "Imesanifiwa na", na jina la Msanifu, na sahihi yake, na mhuri.

Nilimkuta Msanifu ofisini kwake anachonga penseli.

"Umeona?" akasema, amefurahi. Hakuwa anaigiza. Hilo ndilo lililonimaliza, kwamba alifurahi kweli. "Ulikuwa huna mchoro, sasa unao. Nimekaa nao wikiendi nzima. Hakuna wa kukutoa kwenye idara tena."

"Na jina?"

"Jina gani?"

"Jina pale chini."

Akafikiri. "Anayechora ndiye anayesaini, mama. Ndiyo utaratibu wetu. Mwashi hasaini nyumba."

"Mwashi hakuibuni nyumba."

"Basi tutaongeza mstari. Kwa ushirikiano na karakana ya ushonaji."

Nimekuwa mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, nina nywele nyeupe, nimezika mume, na leo nimegeuka karakana.

Nilirudi ubaoni peke yangu, watu wakiwa wameingia madarasani. Nilitaka kuisoma yote, mstari kwa mstari, kama mtu anayepapasa jeraha. Ndipo nikaona. Penye mpasuko ameandika: "Uwazi, upande wa kushoto."

Kwetu sisi washonaji kushoto ni kwa mvaaji, sikuzote. Hilo tunalifundisha siku ya kwanza. Lakini yeye aliilaza blauzi mezani, mbele juu, akaichora kama anavyochora ukuta wa nyumba akiwa amesimama barabarani. Kushoto kwake yeye. Mshonaji akiufuata mchoro huu, mlango wa nguo utahamia kwenye mkono mzima, pale ambapo hakuna mkono wa kuufikia.

Nilisimama pale na kinywa wazi. Kisha nikakifunga. Nikaenda darasani.

Jumanne, 6 Mei

Mkuu ameota ndoto kubwa. Mashati kumi na mawili yatashonwa kwa mchoro ule, yapelekwe hospitali, wodi ya wenye viharusi, mbele ya wageni wa wizara. Yatashonwa na wanafunzi wangu, na mimi nisikanyage karakana siku tatu, ili ionekane kwamba mchoro ukikamilika unajitosheleza. Hayo ndiyo maneno ya Msanifu: mchoro unajitosheleza. Mimi nimepewa chumba cha mitihani na rundo la mihtasari niipige chapa.

Saa sita yule mama wa watoto wawili alinifuata. Alisimama mlangoni, utepe wa kupimia shingoni.

"Mwalimu, samahani. Hii kushoto waliyoandika ni ya mvaaji, au?"

Swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa na kamati nzima tangu Machi. Nami nilimfundisha mwenyewe kuliuliza.

"Fuateni mchoro," nikamwambia.

Alinitazama kidogo. "Haya, mwalimu."

Alhamisi, 8 Mei

Mvua. Mashati yamekwisha. Yamepigwa pasi.

Ijumaa, 9 Mei

Naandika haya mchana huu huu, nimerudi nyumbani, dada yuko chumbani kwake mlango umefungwa.

Wageni walikuwa watatu. Mkuu alivaa suti. Msanifu alikuja na mchoro kwenye ubao wa miguu mitatu, akaeleza kwa ufupi, na lazima niseme aliongea vizuri, alisema kuna watu wazima wanaovalishwa kama watoto na kwamba hiyo ni fedheha inayoweza kuondolewa. Niliposikia neno fedheha nilijua amelitoa kwangu, nililisema Aprili. Nikakaza meno. Nikasema moyoni, ngoja.

Walimchagua mzee mmoja, karani mstaafu wa posta. Mkono wake wa kulia ndio uliokufa. Alikuwa amenyolewa asubuhi ile kwa ajili ya wageni. Muuguzi akataka kumsaidia, Mkuu akamzuia kwa tabasamu: afanye mwenyewe.

Akaubeba mkono wake, akauingiza. Akapitisha kichwa. Akautia mkono wa kushoto kwenye ule upande uliopasuliwa, akaanza kutafuta namna ya kuufunga. Vidole vilifika kifuani, vikarudi. Akajaribu kwa kidevu. Akajaribu kwa meno, akavuta utepe ukanata kwenye kola, nyuma ya sikio, shati likampanda usoni. Akabaki hivyo, uso umefunikwa, mkono mzima umenaswa juu kama wa mtoto anayeomba ruhusa darasani, tumbo nje. Mgeni mmoja alikuwa ameshaanza kupiga makofi. Yakafa mikononi.

Kisha tukasikia sauti ndani ya kitambaa. "Nitoeni humu," akasema, taratibu. "Tafadhali."

Ningependa kuandika kwamba nilikimbia mara ile. Sikukimbia. Kwanza nilimtazama Msanifu. Miezi miwili nilikuwa naungoja uso ule, na nikaupata, umekuwa wa majivu, mdomo unacheza. Nikautazama kwa muda wa pumzi mbili. Pumzi mbili za mzee aliye gizani ndani ya shati.

Ndipo nikaenda, nikapiga magoti, nikamtoa. Alikuwa analia bila sauti. Nilimfuta kwa kanga yangu. Akasema, "Nilidhani ni mimi nisiyejua." Huyu mzee alidhani kosa ni lake.

Nyumbani nikamsimulia dada. Nilimsimulia kwa ghadhabu, nikitegemea aghadhibike nami. Nilipofika kwenye ubao wa matangazo akanikatiza.

"Uliona lini?"

"Tarehe ishirini na nane."

"Na leo ni tisa."

"Dada, aliandika jina lake kwenye..."

"Nakuuliza siku. Siku kumi na moja ulijua mtu atatiwa humo, ukanyamaza ili mwenzio aaibike." Akainuka. "Mimi nilikuonyesha mkono wangu. Unajua ilinigharimu nini kukuonyesha mkono wangu?"

Akaingia chumbani. Blauzi ameivua, nimeikuta kwenye kiti.

Jumamosi, 10 Mei

Hasemi nami.

Jumapili, 11 Mei

Hasemi nami. Amevalishwa na jirani.

Jumatatu, 12 Mei

Nimechukua mashati yote kumi na mawili nikayarudisha karakana kuyafumua. Sikuwaita wanafunzi. Saa nne akaingia Mhandisi, akavuta kiti, akachukua shati na kisu cha kufumulia kama aliyezaliwa nacho.

"Ulijua," akasema, bila kuinua macho.

"Nilijua."

"Kwetu mitamboni, anayejua na kunyamaza ndiye aliyevunja mashine."

Tukafumua. Baada ya shati la pili akasema kura yake ya Aprili haibadilishi, kazi isiyoandikwa hufa na mwenyewe. Lakini akakiri kwamba siku ile alisahau kuniuliza kama ningependa tukae wawili tuiandike. Tangu kura hiyo nimekuwa nikimwita mwanamke huyu moyoni mkia wa wanaume. Kumbe alisema tu alichokiona.

Saa sita akaja Msanifu. Amesimama mlangoni kama mgeni asiyejua avue viatu au asivue. Nikamsogezea kiti kwa mguu. Anafumua vibaya, alijichoma mara tatu na kutoboa kitambaa mara moja.

"Kushoto kwa nani?" akauliza mwishowe. "Hilo ndilo kosa langu, sivyo?"

"Hilo ni moja."

"Sisi tunachora kutoka nje. Unasimama mbele ya kitu, unakichora. Sijawahi kuchora kitu ambacho mtu yumo ndani yake."

"Nyumba watu hawamo ndani?"

Akaacha kufumua. Mhandisi naye akaacha. Mvua ilikuwa inapiga bati, cherehani ya tatu inadondokewa. Nikamwambia na langu: kwamba niliona, kwamba mwanafunzi aliuliza, kwamba nilisema fuateni mchoro. Nilitaka akasirike. Aliinama tena juu ya shati lake.

"Mzee yule alinyolewa kwa ajili yetu," akasema.

Jumatano, 14 Mei

Nimeyasema yote kikaoni na kuyaandika kwenye muhtasari: tarehe niliyoona kosa, swali la mwanafunzi, jibu langu. Mkuu alisoma akaniambia nifute.

"Wizara haihitaji kujua nani aliona nini lini."

"Mheshimiwa, mliniteua kwa mwandiko. Ndio huu."

"Unajiharibia mwenyewe, mama."

Nikamwambia nimeshajiharibia, ninachofanya sasa ni kuandika. Msanifu akasema kama langu linafutwa, na jina lake pale ubaoni lifutwe, aanze yeye. Akatoka, akaubandua mchoro, akarudi nao umekunjwa. Sijasema nampenda. Lakini bega lake lililoshuka nimemwahidi kulitazama.

Jioni dada amezungumza. Alisema, "Yule mzee umemrudishia shati?"

"Kesho."

"Nenda leo."

Nikaenda. Mzee alilivaa kwa dakika tatu, upande wa kulia, kwake yeye. Akajipapasa kola. Nikamwomba radhi na kumwambia kwamba nilijua. Alinisikiliza hadi mwisho kama mtu anayepokea kifurushi kilichopasuka njiani. "Afadhali," akasema. "Sasa naweza kukukasirikia nikiwa nimevaa."

Na amenikasirikia kweli. Ana haki.

Jumatatu, 26 Mei

Kikao cha mwisho. Kimechukua saa nne na nusu. Sentensi haikupatikana. Kila tuliyojaribu ilimwacha mtu mlangoni: ukitaja mchoro natoka mimi, ukitaja mkono anatoka Nembo, ukitaja anayetumia Mhandisi anauliza pampu iliyo chini ya ardhi inamtumikia nani asubuhi, na ukiyataja yote wizara itauliza basi nini si dizaini, kupika uji je? Tukaandika sentensi nne, moja ya kila fani, na chini yake: "Hatukukubaliana. Tumekubali kwamba kila mmoja amuulize mwenzake kushoto ni kwa nani kabla hajakata." Tukasaini wote wanne.

Mkuu amepeleka taarifa yake mwenyewe wizarani. Karani wake amenionyesha nakala. Inasema kamati haikukamilisha kazi kutokana na mvua.

Mvua. Haikuwa na hatia hata kidogo, mvua ya watu. Idara imeahirishwa mwaka mmoja, wanafunzi wangu ishirini na wawili wako pale pale walipokuwa Machi, na yule mama wa mabasi mawili nimemwambia mimi mwenyewe, kwa sababu nani mwingine angemwambia. Pia nimemwomba radhi kwa lile jibu. Akasema alilijua jibu sahihi, alitaka kuona kama nami nalijua.

Ijumaa, 6 Juni

Hospitali imeomba mashati arobaini na blauzi arobaini, na imetuma fomu. Ukurasa wa pili una kisanduku: "Jina la mbunifu." Muhula mzima nimegombania kisanduku hicho. Nimekitazama kwa dakika nzima, kalamu mkononi. Kisha nikaichukua fomu nikarudi nayo nyumbani, nikamwekea dada mezani.

"Hiki ni chako," nikasema.

Akasoma. "Mimi sijui hata kushika sindano."

"Mpasuko ni wako. Bega ni lako."

"Na aliyekata ni nani? Aliyerudia mara nne? Usinisanifu, mdogo wangu." Akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto. "Tutaandika wote."

Mwalimu wa darasa la kwanza, aliyefundisha mamia ya watoto kuandika majina yao, aliandika lake kama mtoto wa siku ya kwanza. Herufi zilipanda, zikashuka, zikavuka ukingo wa kisanduku zikaingia kwenye kile cha tarehe. Hakuomba msaada na mimi sikutoa. Langu nikaliandika chini yake, dogo, palipobaki.

Alasiri nimeipeleka. Karani wa hospitali akaivuta, akakunja uso.

"Mama, hapa mmezidisha. Kisanduku hiki ni cha jina moja. Na huyu wa kwanza ametoka nje."

"Naona," nikasema. "Basi kisanduku chenu kimebuniwa vibaya."

Akaniangalia kama anataka kucheka na kama anataka kubisha. Sikuondoka dirishani. Nyuma yangu kulikuwa na foleni na nilikuwa na alasiri nzima. Mwishowe akachukua mhuri, akatafuta nafasi tupu, hakuiona, akaugonga nyuma ya karatasi.